Kopo Lililoleta Picha

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoa vitu katika nyumba ya koko kabla haijabomolewa. Koko ndiye nyanya yangu. Alishatutoka, na ile nyumba yake ya mbao sasa inapisha ya matofali. Mpwa wangu akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoota kutu, limetobolewa pande mbili, nyaya zinaning'inia. "Tantine," akaniuliza, "hii ni bombe?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikampokonya lile kopo kwa haraka isiyo na sababu. Siku ile sikumweleza mtu. Acha nikueleze wewe, rafiki yangu, kwa kuwa hukuwapo niliposifiwa kwa kopo hilo.

Mtaa wetu ulikuwa juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano yanayomaliza viatu kabla ya muhula kwisha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kazi zangu zilijulikana: kuchagua maharage ya Rutshuru, kuteka maji, kuchochea mbabula, jiko letu la makaa. Saa tano harufu ya sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, ilikuwa imeshaingia hadi kwenye daftari zangu. Lakini nyumba yetu ilikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho, televizheni nene yenye mbavu za mbao na kifundo cha kuzungusha, na nyuma yake tundu moja tu, la antena. Siku za kazi koko aliifunika kitenge, akisema nayo ina haki ya kupumzika.

Jumapili baada ya misa alikuja jirani yetu, mama mjane kutoka upande wa Bukavu, amekumbatia deki yake. Deki, kwa wewe uliyezaliwa juzi, ni mashine ya kuchezea kaseti za video. Alikuwa na kaseti moja tu, ya harusi yake. Lava ilipopita katika nyumba yake ya kwanza alikimbia na vitu hivyo viwili, na albamu ya picha ikaungua, kwa hiyo uso wa marehemu mumewe haukuwa mahali pengine popote. Tulikaa sakafuni tukitazama. Katikati ya dansi bwana harusi alikanyaga mkia wa gauni, akayumba, akacheka huku amefunika mdomo, kwa sababu alikuwa na pengo. "Mumuone vile anaficha!" mama alisema kila Jumapili. "Kama vile miye sikulionaka!" Tulishazoea hata tukawa tunacheka kabla bwana harusi hajayumba.

Mwaka huo mjomba wangu, mfanyabiashara wa njia ya Butembo, aliniletea mashine ya michezo ya video iliyokwisha kuchezewa na watoto wa watu. Nilikaribia kuzimia kwa furaha. Kisha nikaona waya wake unaishia kwa vichwa viwili, kimoja cha njano na kimoja cheupe, na televizheni ya koko haikuwa na mahali pa kuvipokea. Leo unaingia dukani, unataja kidude, unapewa kidude. Wakati ule kidude ilibidi ukizae mwenyewe.

Fundi wa redio aliyekuwa karibu na shule ndiye aliyenifungua macho, maskini, bila kujua anamfundisha nani. Nilikuwa nasimama mezani pake kila nikitoka darasani, namshikia nyaya, nauliza maswali hadi anachoka. Aliniambia kwamba ndani ya kila deki kuna kisanduku kidogo cha bati ambacho kinapokea picha na sauti na kuvigeuza viwe kama stesheni, ndipo vinaingia kwa tundu la antena. Kisanduku hicho kikipata umeme kidogo, akasema, hakiulizi picha imetoka wapi. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Katika mji mzima nilijua deki moja tu.

Naapa sikuigusa. Niliitamani tu, na hilo ningeweza kuishi nalo. Lakini wiki moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu mno, na deki ya mama ikazima. Akaniletea mimi. Mtaani walikuwa wameshaanza kuniita Injenieri kwa sababu niliwahi kuamsha redio mbili tatu. "Mutoto yangu, uniangalilie," aliniambia. "Inakataa hata kuwaka." Nikaifungua mchana huo kwenye baraza, peke yangu, na sikumaliza dakika tano kabla ya kuona ugonjwa wake. Fizibo, yaani fyuzi, ilikuwa imeungua. Uzi mmoja wa shaba ungetosha kuiponya, na uzi huo nilikuwa nao mfukoni.

Kisanduku cha bati nacho kilikuwa pale pale, kinang'aa.

Niliketi muda mrefu na bisibisi mkononi. Nilikuwa najua kabisa ninachokifanya, na ndiyo maana hadi leo sipendi watu wakiniambia kwamba mtoto hana dhambi. Nikakitoa kile kisanduku, nikafunga skrubu zote, nikampelekea mama mashine yake. "Ilishakufa, mama," nikamwambia. Ndilo neno la mafundi: mashine haiharibiki, inakufa. Yeye akaipokea kama mtu aliyepewa habari za msiba, akasema pole kwa ile deki. Kisha akafikiri kidogo, akasema ataipeleka pamoja na kaseti kwa fundi mwingine kule mjini, labda ataona kitu.

Hapo niliogopa. Fundi yeyote angeinua kifuniko na kuona shimo nililoliacha. Nikamwambia haraka, "Hata kaseti ilifutika, mama. Ule moto wa courant uliipitia umeme uliporudi." Hakwenda mjini tena. Aliniamini kwa kuwa nilikuwa yule mtoto anayejua mambo ya nyaya.

Kopo nililipata jikoni kwetu. Nikalitoboa kwa msumari, nikakilaza kisanduku ndani, nikayeyusha risasi ya kuungia nyaya kwa msumari mwingine uliopashwa kwenye mbabula huku koko akilalamika kwamba maharage yake yatanuka betri. Umeme niliuchukua kutoka kwenye mashine ya michezo yenyewe. Kichwa cha njano huku, cheupe huku, waya wa antena nyuma. Jumamosi mchana, nyumba imejaa watoto, nikazungusha kifundo taratibu, chengachenga, chengachenga, kisha mtu mdogo akatokea kwenye kioo anaruka ukuta. Hakuwa na rangi, kijivu mwili mzima, lakini kelele zilizopigwa ziliwatoa watu majikoni. Mama jirani alikuja na sahani ya sambaza mkononi, akaiweka chini ili apate kupiga makofi. "Mutoto wa kwetu!" alisema. "Mumuone, mutoto wa kwetu!" Nikala sambaza wake.

Miezi ilipita. Koko akanituma nikamsaidie mama jirani kuvuna mtama katika shamba la mdogo wake, upande wa Lac Vert. Tulipofika nilisikia mvumo juu ya mtama kabla ya kuona kitu. Kutoka mti hadi mti alikuwa amefunga ukanda mweusi wa kaseti, mistari mingi, unatetemeka kwa upepo na kumetameta, na ndege hawakuthubutu kutua. Wengi walifanya hivyo kwa kaseti zilizoharibika. Mama alikuwa na furaha ya kweli. "Ningelinda kitu kitupu kwa nini?" alinieleza. "Angalia sasa, bwana yangu anachunga shamba." Jua lilikuwa limeshaupausha ule ukanda, na mahali pengine ulikuwa umekatika. Nilikata mtama siku nzima bila kuinua kichwa. Nilirudi nyumbani nikalificha kopo chini ya kitanda cha koko, nikawaambia watoto kwamba nalo limekufa.

Basi baada ya mpwa wangu kulitoa, sikupata raha tena. Nilipanda motari, pikipiki ya abiria, hadi Lac Vert. Yule mama jirani yupo hai, amezeeka, anaishi kwa mdogo wake pale pale penye shamba. Nilimkuta uani anamenya maharage mabichi. Alinifurahia hata nikaona haya kukaa. Nikamwambia, "Mama, ile masini haikukufaka. Ni miye niliifungua, nikatoa kitu ndani, nikatengeneza nacho mchezo."

Akacheka. "Ile masini ya zamani? Ulikuwa mutoto. Nani anaweza kufunga mutoto?" Akaendelea kumenya. Nilihisi mzigo wote unanitoka begani, nikavuta pumzi kama mtu aliyefika. Kisha vidole vyake vikasimama.

"Na kaseti? Ulisemaka ilifutika."

"Haikufutika, mama. Nilidanganya."

Aliangalia mikono yake, ile yenye maganda ya maharage, akaigeuza. "Kumbe," akasema polepole, "ni miye mwenyewe niliitandazia ndege."

Hilo sikuwa nimelifikiria, rafiki yangu. Miaka yote hiyo yeye aliamini alitundika utepe usio na kitu, na alikuwa amelala vizuri. Nilikwenda kutua mzigo wangu, nikautua magotini pake. Nilisema samahani, nikasema tena. Hakunifukuza, hakulia. Aliniletea chai, na tukainywa tukitazama lile shamba, ambalo sasa lina nusu ya mtama na nusu ya nyumba za watu.

Nilipokuwa nafunga koti alinishika mkono. "Weye uliionaka mara mingi," alisema. "Unikumbushe. Lile pengo lilikuwaka upande gani? Miye sijue tena."

"Kushoto, mama," nikajibu papo hapo, kwa sauti ile ile ya mtoto anayejua mambo ya nyaya.

Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akagusa shavu lake la kushoto. Nami sikumbuki. Nilitazama harusi ile kila Jumapili, na sikumbuki kabisa.