Shufaa wa Uyole na Picha Aliyoambiwa Aikate

Jamani, hii ninayowasimulia nimeiona kwa macho yangu na bado hainitoki kichwani. Kuna dada pale Uyole amemtoa mtu kwenye picha, na huyo mtu bado yumo kwenye picha. Nikisema hivyo najua mnacheka. Haya, subirini.

Saa mbili asubuhi. Malori ya Tunduma yananguruma barabarani na baridi ya Mbeya inauma masikio. Shufaa Iqbal, miaka thelathini na nne, ameinama juu ya meza yake ya mbao. Mkononi ana kisu cha karatasi chenye wembe mwembamba kama ulimi wa kenge. Anakata tundu lenye umbo la mwanamke kwenye manila nyeusi, ile karatasi ngumu, na sasa hivi amefika kwenye vidole. Vidole vya mkono, jamani! Kimoja kimoja!

"Daktari, mgonjwa anaendeleaje?" anapiga kelele Anyitike, jirani anayekaanga viazi.

"Kidole cha mwisho bado. Kaa huko huko, mafuta yako yatanirukia."

Shufaa anatengeneza albamu za picha kwa mikono: za harusi, za kipaimara, za kumbukumbu ya marehemu. Moja inamchukua siku nne na anaiuza shilingi elfu sitini. Mwezi ukiwa mzuri anauza sita. Mwezi mwingine anauza moja, basi.

"Watu wanadhani hii kazi ni mkasi na gundi," anasema bila kuinua macho. "Mkasi mimi nafungulia pakiti ya majani ya chai."

Kila kifaa amekichagua baada ya kuharibu kitu. Rula yake ni ya chuma, kwa sababu ile ya plastiki kisu kinaila mpaka inakuwa msumeno. Matundu ya uzi anatoboa kwa msharasi aliopewa na mjomba wake Othmani, fundi viatu. Uzi anaupaka nta ya mshumaa. Spairo, ile waya ya kufungia madaftari, hataki kuisikia, anasema inachana kurasa. Na gundi?

"Gundi ukikosea umekosea. Uzi ukikosea unafumua, unaanza upya."

Sasa hiyo manila nyeusi ilikujaje? Wiki iliyopita alifika mama mmoja kutoka Ipogolo, Iringa, anaitwa Evarista. Alikuwa ameona albamu ya Shufaa kwenye harusi. Kwao wanamwekea msalaba marehemu mama yao, mwaka umetimia tangu wamzike, na albamu itakaa mezani watu waione. Alileta picha arobaini na moja. Moja ilikuwa ya zamani, imepauka, na ndiyo pekee inayomwonyesha marehemu akiwa bado na nguvu zake. Amesimama mbele ya nyumba, pembeni yake kijana.

Evarista akaweka kidole kwenye uso wa kijana. "Huyu kata. Kipande chake choma."

"Nani huyu, mama?"

"Gerson, mdogo wangu. Alikwenda Chunya kwenye dhahabu. Mama yuko hoi tunampigia, hapokei. Mama amefariki tunampigia, hapokei. Tumemzika bila yeye. Leo aje kukaa kwenye albamu, kwani yeye nani?"

Shufaa akakubali. Mteja ni mteja. Akaipeleka picha duka la steshenari la jirani, kwenye mashine ya kukatia karatasi, ile yenye mkono mrefu. Akaiweka sawa. Akainua mkono wa mashine.

"Hapo ndiyo nikaona vidole," anasema. "Mama amemshika mwanawe begani. Nikikata huku, namtoa kijana na mkono wa mama. Nikikata kule, bega la kijana linabaki. Nikachomoa picha kwanza, ndipo nikashusha mashine."

Akampigia Evarista. Jibu lilikuwa fupi: "Kata na huo mkono."

Mimi nikamuuliza, si angeipiga picha kwa simu, akachapisha nyingine, akakata hiyo? Akaniangalia kama nimemtukana. "Picha yenyewe haina nyingine. Nikishaipasua, hata niwe na kopi mia, nimeipasua."

Ndiyo maana leo anakata manila. Ameharibu mbili. Hii ya tatu imemchukua saa tatu, na nyembe nne zimevunjika. Anaiweka juu ya picha na, wallahi, nilipiga kelele! Mama peke yake, mkono umenyooka, vidole vimetulia juu ya weusi. Gerson haonekani hata unywele. Halafu akaishona manila kwenye ukurasa, pembe zote nne, picha ikabaki katikati.

Kesho yake Evarista anafika, na salamu ya kwao Iringa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

Anafungua kurasa polepole. Anafika pale. Anaugusa ule mkono wa mama yake kwa kidole.

"Umekata vizuri. Hata mkono umeubakiza."

Hapo Shufaa angenyamaza tu, achukue elfu sitini yake, yaishe. Nani angejua?

"Mama, picha sijaikata. Nimekata manila. Gerson yuko hapo nyuma, mzima."

Anyitike aliacha viazi viungue.

"Mimi nilikwambia nini?"

"Uliniambia nikate." Shufaa anasukuma kisu mezani, mpini ukimwelekea mteja. "Kisu hicho. Kata wewe, mama. Mkono wa mama yako mimi umenishinda."

Evarista anakichukua. Anakata uzi. Pembe ya kwanza, ya pili, zote nne. Anavuta picha nje, anaikazia macho, kisu bado kiko juu yake.

"Hili shati nilimshonea mimi," anasema. "Kitambaa kilipunguka, nikaweka kola ya gauni langu."

Anakaa. Kisu anakirudisha mezani.

"Rudisha," anasema hatimaye. "Shona chini na pembeni. Juu acha wazi."

"Juu niache wazi?"

"Nimesema acha."

Sasa picha inachomoka kwa juu bila kukata uzi, na Gerson anatoka nayo. Alilipa, akafunga albamu kwenye kitenge, akaenda kutafuta gari la Iringa. Jumamosi itakuwa mezani Ipogolo. Gerson kama atafika, hakuna anayejua.

Shufaa anapanga kununua mashine yake mwenyewe ya kukatia, laki nne, na kufundisha wasichana wawili. "Nitaanza kuwafundisha kufumua," anasema. "Kukata watajifunza baadaye."

Sasa wewe unayesoma hapa, niambie. Picha ni ya mteja, ndugu ni wake, na hela kaja nayo. Amekwambia kata, na kisu unacho mkononi. Ungefanyaje?