Jina Moja Mara Arobaini na Tatu

Karatasi ya kwanza ilipotoka kwenye printa na jina la mumewe juu yake, Mama Chapa alicheka. Majina hufanana, hata yakiwa matatu, la mtu, la babake na la babuye. Ya pili ilipotoka na majina yale yale, alivua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi. Ikaja ya tatu, ya nne, ya tano. Ilipofika ya kumi mkono ulikuwa kifuani na mdomo wazi, na printa, isiyojua aibu, iliendelea kutema jina la mume wa mtu mpaka karatasi zote arobaini na tatu zikaisha.

"Nani ananichezea?" aliuliza, na chumbani hamkuwa na mtu.

Hakuna aliyemchezea. Lakini ili uelewe kilichomfika mama huyu, inabidi umjue kidogo.

Jina la Mama Chapa alilitolea jasho. Miaka ishirini alikuwa mpiga chapa wa hospitali hiyo hiyo, kwenye mashine ya chuma iliyompa vidole vigumu na masikio mazito. Mashine zilipotupwa stoo, wenzake waliaga wakaenda zao. Yeye akaomba afundishwe kompyuta. Ana miaka arobaini na miwili, anakaa darasani na vijana wa umri wa wanawe, nao wanamcheka chini chini. Acha wacheke. Programu ya kwanza aliiandika akilia, ya pili akitukana, na ya tatu ndiyo maabara inayoitumia hadi leo. Inasoma majina ya wagonjwa waliochukuliwa sampuli za kupima saratani, inangoja majibu, kisha inachapa kila jibu na jina la mwenyewe.

Kitu kimoja tu hakukiacha kwenye ile mashine ya chuma: imani kwamba herufi ikishapigwa, imepigwa. Ndiyo maana jana yake, akitaka programu iende mbio, alifuta mstari mmoja ulioonekana mvivu, ule wa kunakili kila jina linaposomwa. Kunakili ya nini, na jina amelishika mkononi?

Kumbe hakulishika. Lugha aliyoandikia programu ina kiolesura cha kusomea mfuatano wa herufi, kitu kama kidirisha. Ukikiuliza, kitakuambia herufi ni ngapi, ya tano ni ipi, na kitakukatia kipande ukitaka. Basi. Hakikuahidi hata siku moja kwamba herufi zilizo nyuma yake zitabaki zile zile. Na nyuma yake palikuwa na ubao mmoja tu, programu ikiandika jina, ikilifuta, ikiandika lingine papo hapo. Mama Chapa alikuwa amejiwekea vidirisha arobaini na tatu, vyote vikitazama ubao huo mmoja. Ulipofika wakati wa kuchapa, vyote vikaonyesha jina lililoandikwa mwisho.

Alipoligundua kosa alijipiga paji la uso. "Mtu mzima mimi!" Roho ilianza kumtulia. Halafu mkono ukamganda pale pale usoni.

Jina lililoandikwa mwisho. Kwa hiyo lilikuwamo kwenye orodha. Kwa hiyo kuna mwenye jina hilo aliyekuja hapa akachukuliwa sampuli.

Mumewe ni kinyozi, maneno mengi kuliko wateja. Sauti ilikuwa imemkauka miezi miwili sasa, anaongea kama mlango usiotiwa mafuta. Kila akiambiwa nenda hospitali alikuwa anajibu, "Hospitali ipi, hiyo yako? Watasema nimekuja kukuchunga." Mara ni vumbi la nywele, mara ni feni. Na Alhamisi iliyopita Mama Chapa alishinda kwenye semina kutwa nzima, akiwa amemuaga asubuhi kwa mdomo wake mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia daktari wa maabara, mwanamke mrefu asiye na dakika ya kupoteza.

"Mama Chapa, watu wamejaa kwenye benchi huko." Akaokota karatasi. "He! Mbona zote jina moja?"

"Kosa langu, daktari. Majibu yako sawa, kila moja mahali pake. Majina ndiyo yamefunikwa na la mwisho. Nipe dakika kumi."

"La mwisho?" Daktari akachomoa karatasi ya chini kabisa. "Kwa hiyo hii peke yake ndiyo ya kweli."

Hakujua jina lile ni la nani. Akaisoma, akatikisa kichwa kidogo, kama anavyotikisa kila siku. Mama Chapa alijikaza asitazame. Lakini aliyesoma miandiko ya madaktari miaka ishirini, hata kichwa chini miguu juu, macho yake hayamsikilizi. Saratani imeonekana.

Aliurudisha ule mstari, na yeye ambaye watu walikuwa wakimsifu hakosei herufi, alikosea mara tatu. Karatasi zikatoka upya, kila moja na jina lake. Daktari akazilinganisha na daftari, akaondoka nazo.

Mama Chapa akatoka hadi ukumbini. Mumewe alikuwa mwisho wa benchi, kofia mapajani.

"He! Umefuata nini huku?"

"Mimi nafanya kazi hapa, baba watoto. Wewe je?"

Kinyozi akatazama kofia yake. "Nilitaka nijue mimi kwanza," alisema kwa ile sauti ya kukwaruza, "halafu nije nikuambie polepole. Moyo wako naujua."

Mama Chapa ndiye aliyetangulia kujua, kabla ya mwenye mwili wake, kwa mstari mmoja aliouona mvivu. Akaketi, akamshika mkono.

Muuguzi akawa anaita wagonjwa mmoja mmoja. Mmoja alitoka anacheka peke yake, mwingine alitoka na kwenda moja kwa moja hadi getini bila kumwona mtu. Benchi likapungua, likapungua.

"Wamenisahau hao," kinyozi alinong'ona, akijaribu utani wake wa siku zote. "Ile programu yako mbovu imeninyofoa."

"Haijamnyofoa mtu. Kila mtu yumo."

Wakabaki wawili. Muuguzi akatokea mlangoni na karatasi moja mkononi, akaita yale majina matatu, mara moja tu. Mama Chapa ndiye aliyetangulia kusimama.