Beba Waya wa Zamani Uende Nao Dukani

Asubuhi ile ya Vudee, kijijini kwetu milimani, bado naiona, mwanangu. Ukungu ulikuwa umejaa uani hata migomba ikawa kama watu waliosimama wakisubiri kuitwa. Nilikuwa nimepanda kutoka Same kumwambia mama kwamba kaseti ya baba imekatika.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu. Niliichukua nikaipeleka mjini, nikaziingiza nyimbo zote tisa kwenye kompyuta yangu ya mezani, mtumba uliochoka, na wimbo wa tisa ulipoisha utepe ukakatika vipande viwili. Kwa hiyo baba alikuwa amebaki ndani ya ile kompyuta peke yake, na kompyuta yenyewe ilishaanza kugonga ndani, ko, ko, ko, kama mtu anayeomba kutoka.

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamwambia. "Nitanunua mashine, nimchome baba kwenye CD, utamsikiliza hapa kwenye redio yako ya betri."

Mama akaweka kikombe chini. "Umchome nani?"

"Sauti yake, mama. Ndivyo tunavyosema mjini. Kuchoma."

"Huko mjini mmekosa neno lingine?" Akautazama ukungu. "Mbonea, hiyo mashine unayoinunua, umebeba nini cha kupimia?"

Nikacheka. Nataka ujue kwamba nilicheka.

Maana mama alikuwa anakumbuka ile miaka ya shida. Chimni ya taa ikipasuka, alinituma Same na taa yenyewe mkononi, nateremka nayo milima yote, niijaribishe chimni palepale dukani. Mtu alikwenda kutafuta kifungo na shati lake, kifuniko na sufuria yake. Vitu vilikuwa vya kubahatisha, hukuthubutu kukosea. Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa, na sisi vijana tukaona aibu kutembea na vyombo vibovu. Mimi nilikuwa nimetoka kukata mkonge, shamba likafungwa, tukaachwa hivihivi na mikono iliyochanika. Darasa langu la saba halikunifikisha popote. Nikitembea mjini nilitaka nionekane mtu anayejua.

Basi nikaingia dukani kwa Kajiru mikono mitupu. Namtaja kwa sababu hakuwahi kuniomba radhi. Kajiru aliijua kompyuta yangu, yeye ndiye aliyeniuzia.

"Nataka raita ya kuchomea CD," nikamwambia.

"Ya kawaida au ya kisasa?"

Elisante, rafiki yangu, alikuwa kaegemea kaunta. Naye namtaja. "Mpe ya kisasa, huyu si mshamba wa kwenu," akasema.

"Hii inachoma kabla hujavua kofia," Kajiru akasema, na mimi nikaipenda kwa jinsi ilivyong'aa.

Nilipofungua kompyuta nikakuta ndani waya mpana, bapa kama mkanda wa suruali. Raita ile ilikuwa na tundu jembamba, halitoshi hata ncha ya kisu. Vitu viwili visivyojuana kabisa. Nikarudi mbio.

"Mali ikishauzwa hairudi, kaka," Kajiru akanijibu, akaendelea kumenya karanga.

Wiki tatu zikapita nikitafuta. Kila nikiwasha kompyuta, ule mlio wa ko, ko, ko ulikuwa umesogea karibu zaidi. Mwishowe nikauchomoa ule waya mpana, nikauviringisha mfukoni, nikazunguka nao kwa mafundi wote wa Same bila haya. Fundi mmoja akautazama, akainama chini ya meza, akatoa raita ya zamani, chafu, ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Waya ukaingia kama mkono kwenye shati lake.

Nilianza na wimbo mmoja, polepole, kwa majaribio. Ukatoka. Nilipoweka wa pili, kompyuta ikagonga mara moja, ikanyamaza. Haikuwaka tena. Nyimbo nane zilikwenda hivyo.

Nikapanda Vudee na ule mmoja. Mama akakaa karibu na redio, mikono kwenye mapaja. Baba akakohoa kidogo, kama alivyozoea, kisha akaanza. Mama hakutikisika. Katikati, pale kina mama wanapotakiwa kujibu, sauti ikakatika; ugonjwa wa kompyuta ulishaula hata huo.

Nikataka kuizima redio. Mama akanishika mkono. Akajibu yeye, kwa sauti nyembamba, sehemu yake ileile aliyoiimba zamani kwenye kwaya ya baba, akaendelea mpaka mwisho wa wimbo, na ukungu nje ukawa unaingia mlangoni taratibu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kifaa cha kompyuta ya zamani, ifungue kwanza uitazame ndani. Chomoa waya wake uende nao dukani, hata wakikucheka. Usiulize kipi kina kasi, uliza kipi kinaingia. Na ukishakipata, choma taratibu, tena uanze na kile usichokubali kukipoteza. Kajiru ana kosa, Elisante ana kosa, lakini aliyecheka ni mimi.

Mungu akupe masikio ya kumsikia mama yako angali anaongea. Na sauti unazozipenda zikae nawe muda mrefu kuliko mashine zinazozihifadhi.