Mukwe Wake Ndiye Munganga

Kila asubuhi Mama Ernestine alisimama nyuma ya mlango na ndoo yake, akisikiliza. Kengele ya baiskeli ya Zéphirin ikishapita, ndipo alitoka kwenda mtoni. Zéphirin alikuwa mume wa Julienne, binti yake, na mama hakutani njiani na mume wa binti yake. Wakikutana kwa bahati mbaya, yeye aliingia majanini, kijana naye akageuza uso. Heshima hiyo waliikuta kwa wazee wao.

Shida ni kwamba katika dispanseri ya Lusangi, kijiji chao, munganga alikuwa Zéphirin peke yake.

Jipu lilimtoka Ernestine juu kabisa ya paja, upande wa nyuma. Alilifunga kwa majani, likazidi kuvimba, mpaka kukaa kukamshinda. Akaenda kwa kapita, msimamizi wa kijiji, kuomba ruhusa ya kutibiwa na masista wa Kasongo.

"Amri ya Wazungu, mama. Watu wa Lusangi wanatunzwa Lusangi. Ukikamatwa njiani, ni gereza."

Basi akaenda dispanseri. Benchi ya nje ilijaa wanaume. Zéphirin alipomwona, aliinamia beseni lake.

"Baba Kasimu," alimwambia jirani mmoja wa benchini, "muulize mama, anaumwa wapi?"

"Mama, mukwe wako anauliza, unaumwa wapi?"

"Umwambie, ni mahali hapaonyeshwi."

"Anasema ni mahali hapaonyeshwi!" Kasimu akapaza sauti. "Labda niangalie mimi, nikuelezee!"

Benchi nzima ikacheka. Ernestine alitamani ardhi impasukie.

Mzungu wa afya, aliyekuja siku hiyo kukagua, akatoka ndani. "Kelele gani? Hapa hakuna mukwe. Iko mugonjwa na munganga. Wewe, lala pale, toa kitambaa!"

Akalala kifudifudi mezani, uso ameuficha mikononi. Mlango ulibaki wazi. Alisikia vidole vikishika pindo la kitambaa chake.

"Mama, unisamehe," Zéphirin akanong'ona.

Tangu amwoe Julienne hakuwahi kumsemesha mama mkwe moja kwa moja. Neno hilo lilimwaibisha kuliko kicheko cha benchi. Ernestine akateremka mezani, akakaza kitambaa kiunoni, akapita katikati yao.

"Wee mama, utafungwa!" Kasimu alimwitia, sasa bila mchezo.

Ernestine alizidi kwenda. Aliiacha njia ya nyumbani, akashika ile ya Kasongo, akichechemea, bila ruhusa ya mtu. Kama alifika kwa masista au gerezani, Lusangi haikujua; haikumwona tena.