Tulivyoharakisha Kupimwa kwa Nyumba ya Bibi

Mjomba wangu alikuwa mjuaji, Mungu amrehemu. Aliwahi kuwabebea Wajerumani mizigo hadi Kilosa na kurudi, basi tangu hapo hakuna la Mjerumani asilolijua. Reli ilipofika Mikese, na tukaambiwa nyumba ya bibi imekaa palepale itakapopita, sote tukamgeukia yeye. Kosa letu.

Amri ilikuwa kwamba nyumba isiguswe, hata ufito usichomolewe, mpaka bwana mpimaji aje aipime na kupaka alama ya chokaa mlangoni. Ikishapakwa, tunapewa kiwanja Bigwa na ruhusa ya kuhamisha nguzo zetu. Mlima ulishaanza kujifunika mawingu. Nyasi za paa zilishaoza, na kuzibadili ni marufuku. Mpimaji angechelewa, masika yangetukuta hatuna paa huku wala huko, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Usiku nilikuwa silali kwa hofu, sisemi uongo.

Sasa, kwetu Uluguru nyumba na ardhi ni za upande wa mama, na nyumba ile ilikuwa ya bibi mzaa mama. Babu alimjengea kwa mikono yake, akafia humohumo. Bibi alikuwa ametamka neno moja tu: "Miguu yangu haitoki humu."

"Mzungu hapendi kungoja," mjomba akatuambia asubuhi ya siku ya kupimwa. "Vyombo vyote nje! Akute kuta tupu, apime mara moja, aende zake."

Tukatoa vyungu, mikeka, vinu, hata mafiga. Akabaki bibi kitandani.

"Mama, twende nje."

"Miguu yangu haitoki."

"Haya. Miguu yako isitoke," mjomba akasema, akaita wanaume watatu, wakanyanyua kitanda na bibi juu yake, wakakiweka uani. Lo! Bibi alinuna, hakuna mfano. Akavuta shuka, akajifunika gubigubi kuanzia unyayo hadi utosi. Ukimwita, haitikii.

Hebu fikiria mpita njia anaona nini. Vyombo nje. Mikeka imetandazwa uani. Kitanda, na mtu juu yake amefunikwa shuka jeupe, hatikisiki. Kwetu hilo lina maana moja tu.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu, aliyekuwa akitoka mtoni. Alitua mtungi, akashika kichwa, akapiga yowe lililofika ng'ambo ya pili. Nikamkimbilia, "Dada, hajafa, kanuna tu!" Nani wa kunisikiliza? Alinikumbatia na mtoto wangu, akanililia begani, akanambia nijikaze, haya ni majaliwa. Kufumba na kufumbua ua umejaa. Wanawake wanalia, wanaume wameshika vichwa, mmoja kaleta kuni, mwingine kaleta mchele. Wakasema bibi alikuwa mkarimu, hakuwa na neno na mtu. Nikaona shuka linatikisika kidogo pale kwenye mdomo. Anafurahi, mzee yule! Nilitamani kumfinya.

Ndipo akaingia bwana mpimaji na mnyororo wake wa kupimia. Akavua kofia.

"Poleni. Nani amekufa?"

"Mwenye nyumba," watu hamsini wakamjibu, kabla mjomba hajafungua kinywa.

"Mwenye nyumba amekufa, basi sipimi. Shauri la urithi liende bomani kwanza. Mimi nitarudi baada ya masika."

Baada ya masika! Mjomba akapayuka kwamba mama yake ni mzima, na mzungu akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mfiwa aliyerukwa na akili. Mama akainama kitandani, akanong'ona, "Mama, nakuomba, amka." Bibi alikuwa amesikia kila neno. Nyumba isipopimwa, haivunjwi. Ameshinda, aamke kwa lipi?

Nusura yetu ikaja imelewa pombe ya mtama. Alikuwa mtani wa ukoo wetu, muuza ugoro. Mnajua haki ya mtani msibani: hata kumtukana marehemu ruksa, na wenye msiba hawakasiriki. Akasimama miguuni pa kitanda, mikono kiunoni.

"Umekufa, mchawi wee! Nani atanikopa ugoro sasa?" Watu wakacheka huku wanalia. Shuka halikutikisika. "Mzungu, we nenda zako. Hapa kuna nyumba ya kupima? Mumewe alikuwa hajui kujenga. Nguzo kaokota, kamba mbovu. Treni haitakuwa na kazi, itapiga honi tu, na nyumba chini!"

Shuka likaruka.

"Kamba mbovu? Za mume wangu?"

Ua ulitawanyika kama kuku walioona mwewe. Bwana mpimaji alidondosha mnyororo, ukamwangukia kwenye buti. Bibi alishuka kitandani, akamkamata mkono Mjerumani wa watu, akamwingiza ndani. "Pima! Pima hii! Sukuma, tuone kama inatikisika! Nguzo ya mti wa mkongo hii, imetoka juu mlimani kwa bega lake!" Akamkokota chumba hadi chumba. Sijapata kuona nyumba iliyopimwa upesi namna ile. Mzungu alipaka chokaa, akampa bibi shikamoo, akaenda haraka.

Bibi akabaki amesimama nje, anautazama ule mstari mweupe mlangoni. Kisha akaitazama miguu yake. Akakaa chini, akalia. Waombolezaji wakarudi mmojammoja, wakalia naye, safari hii kwa haki. Jioni hiyohiyo wakaanza kuzing'oa nguzo, na kesho yake msiba mzima ukapanda Bigwa, kila mtu na mti begani. Mvua ya kwanza ilitukuta chini ya paa.

Bibi aliishi humo miaka mingi. Alipofariki kweli, tulipeleka habari na hakuna aliyekuja. Watu walimtuma mtani kwanza, ahakikishe. Alikuja hajanywa, akasimama miguuni pa kitanda.

"Kamba mbovu," akasema.

Akangoja. Akasema tena, kwa sauti zaidi, "Kamba mbovu, bibi! Nguzo za kuokota!" Akalitazama lile shuka kwa muda mrefu, halafu akakaa chini, akaegemea nguzo ya babu, akalia.