Nafasi ya Marehemu Melini

Nikiwa mdogo kule Ugalla, baba alinifundisha kuvua gome la mti ili atengeneze mzinga wa nyuki. Unakata duara juu, unakata duara chini, unapitisha mstari mmoja wa kuunganisha, halafu unaanza kulibandua pole pole kwa kigingi mpaka litoke zima kama nguo. Mimi la kwanza nililipasua. Baba hakunipiga. Alikaa chini akanusa ugoro, akasema, "Mti huu umekufa bure." Sijui kwa nini naanza na gome. Niliishia darasa la tatu, na mwalimu alikuwa analalamika kwamba mimi ukiniuliza habari ya ng'ombe nakujibu habari ya mto.

Lakini gome nalo lina njia yake. Mizinga ilitupa asali, na asali baba aliibeba kwa baiskeli mpaka Mpimbwe kubadilishana na mchele, maana kwetu mpunga haukubali. Huko Mpimbwe ndiko nilikomkuta huyu ninayetaka kuwaambia habari zake. Tulikuwa watoto wote wawili, yeye akifukuza ndege kwenye shamba la baba yake. Salamu yake ya kwanza ilikuwa hii: "We Mkonongo, nyuki wamekuuma uso au umezaliwa hivyo hivyo?" Nikamjibu kwamba mimi siongeagi na mtumwa wangu. Basi utani wa makabila yetu, kwetu sisi wawili ukaanzia hapo. Tumezeeka hatujawahi kuitana majina. Yeye kwangu mtani, mimi kwake mtani.

Nyie wa siku hizi mnafikiri mtani ni mtu wa kuchekesha tu. Kwetu mtani ana kazi msibani. Wengine wanalia, yeye analala kwenye mkeka wa marehemu, anaiga kikohozi chake, anaiga alivyokuwa akigombana na majirani, na wafiwa wakicheka anadai kuku. Mfiwa mwenyewe akicheka tunasema amerudi kwa watu, sasa atakula, ataishi. Asipocheka, kazi ya mtani bado, hata kama matanga yameshavunjwa na watu wamerudi makwao.

Mke wa mtani wangu alifariki wakati mpunga unaanza kuchanua. Nilifanya kila kitu. Nilijifunga kitenge chake, nikashika ungo mtupu nikapepeta, nikaita kuku kwa sauti yake. Padri mwenyewe alificha uso asionekane anacheka. Mtani aliniangalia tu, kama mtu aliyejikinga mahali anasubiri mvua ipite. Baada ya hapo akawa hali chakula. Ukimletea ugali anaumega tonge moja, analishika, linapoa mkononi.

Sasa, binti yao yuko Dar es Salaam, anafanya kazi kwenye mambo ya watalii. Kabla mama yake hajaugua alikuwa amewalipia wazazi wake safari ya meli, ile ya kuzunguka visiwani. Unashuka kisiwa hiki, unaonja mambo yao, unapanda, unashuka kingine. Mama alikuwa ameshanunua viatu vya safari hiyo. Tulimzika navyo. Binti akamsihi baba yake aje hivyo hivyo, apunge hewa. Mzee akagoma. Halafu siku moja akasema atakwenda, ila nafasi ya mama apewe mtani.

Binti akanipigia simu. "Baba mdogo, naomba uende naye. Mrudishe akiwa anakula."

Nikamwahidi.

Tukapanda treni hapo Mpanda, na safari ya treni nikianza kuieleza hatutafika. Meli tuliikuta nyeupe kama wodi ya hospitali. Mimi maji makubwa niliyoyajua ni ya ziwani kule Karema, nilikokuwa nakwenda kununua samaki, migebuka, na yale ukiyachota unakunywa. Haya ya Dar nilionja nikatema. Tukapelekwa chumbani. Kitanda kimoja, kikubwa, kimetandikwa maua ya kuchuma, na juu yake mataulo mawili wameyakunja yakawa mabata yanagusana midomo. Waliambiwa wanakuja mzee na mkewe, na habari ya msiba haikufika kwa watandikaji.

Mtani akasimama mlangoni. Nikaona hapa ndipo pangu, nikajitupa kitandani. "Karibu mume wangu, mbona umechelewa?"

Akamchukua bata mmoja, akamkunjua, akaenda kunawa uso, akajifutia. Hakucheka. Usiku alilala upande wa ukutani. Alisema mke wake hulala upande wa mlango. Hulala, ndivyo alivyosema.

Mafia tulipewa madafu. Unguja tulionja halua, tukanusishwa magome na mbegu mpaka nikapiga chafya. Pemba tukatafuna karafuu, ulimi ukafa ganzi. Kila mahali nilimtania, kila mahali alionja kwa ncha ya ulimi akanipa kilichobaki. Mimi ndiye niliyenenepa.

Tukiwa tumekaa juu kwenye upepo, akaniuliza, "Unajua huku kuzuri kwa nini?"

"Kwa sababu hawajauona mchele wako."

"Hakuna anayenipa pole. Nyumbani nikienda kisimani, pole. Nikienda misa, pole. Nikikohoa tu, pole. Mtani, zimenijaa mpaka hapa." Akagusa koo.

"Pole sana," nikamwambia.

Nilifikiri ni utani mzuri. Akageuza uso akatazama maji.

Kisiwa cha mwisho kilikuwa kidogo, jina lake sikulishika. Mwongozaji akatuambia tusisahau, honi ikilia turudi. Wengine wakaenda kuogelea. Sisi tulikaa kwenye baraza ya mama mmoja mzee anayepika vitumbua.

"Mmetoka wapi, wageni wangu?"

"Mpanda," nikasema.

"Ndo wapi huko?"

"Reli ikiisha umefika."

Akacheka, akamgeukia mtani. "Na mama, hukuja naye?"

"Nimemwacha nyumbani," mtani akasema. "Hajambo."

Nikakirudisha kitumbua changu sahanini. Nikamtazama usoni, sikuona uso wa mtu anayedanganya. Alikuwa ametulia. Sasa ningefanya nini? Mtani hamuumbui mtani wake kwa wageni. Nikaingia na mimi.

"Hajambo, ila amenuna," nikamwambia yule mama, kisha nikaitoa ile sauti ya marehemu, ya puani, ya kuvuta maneno. "'We mzee, usije ukafika huko ukavua viatu mbele za watu! Soksi zina matundu, watasema huna mke!'"

Mtani akainamisha kichwa akaangalia miguu yake. Viatu alikuwa ameshavivua. Soksi zilikuwa na matundu. Akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu akashika nguzo ya baraza machozi yanamtoka, na yule mama anacheka, na mimi nacheka. Akachukua kitumbua akala. Akaomba vingine, akala.

Nikadai kuku wangu hapo hapo.

"Yule jogoo mwekundu," akasema. "Anayechechemea. Ukifika, mchukue."

"Utanikamatia wewe, mimi magoti sina."

"Mchukue tu, mtani."

Nikanyoosha miguu. Mfiwa amecheka, amekula. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angeendelea kumlinda baada ya hapo. Nilikuwa nimeanza kupanga nitakavyomwambia binti kwenye simu.

Akavaa viatu, akajifuta mafuta kwenye suruali, akamwambia yule mama tutaonana. Akashika njia inayopanda katikati ya nyumba. Nikajua anatafuta choo.

"Mtani, usikijaze choo cha watu!"

Akainua mkono bila kugeuka. Kule juu palikuwa na mwanamke anaanika mwani. Akamsalimia, naye akasimama kuitikia, wakaongea kidogo, nikaona kichwa cha mtani kinakubali kubali. Kisha akaendelea, mikono nyuma, hana haraka, kama mtu anayekwenda kwake. Honi ikalia. Nikaita. Akakata kona kwenye ukuta wa mawe, akabaki kule asikopewa pole na mtu, na mpaka leo hajarudi.