Kidonge cha Saa Saba

Nilifundisha hesabu miaka mingi katika shule ya msingi hapa Uvira, na mpaka leo sikubali kwamba hesabu ileile inaweza kutoa majibu mawili. Ndiyo maana ugonjwa huu wa Parkinson ulinikasirisha kabla ya kunitisha. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja saa saba mchana, kimoja jioni. Siku moja nameza, baada ya muda mkono unatulia, miguu inafunguka, nateremka mwenyewe hadi ziwani kununua ndagala, dagaa wa huku kwetu. Kesho yake ni kidonge kilekile, saa ileile, na mimi nimekwama mlangoni, miguu haitaki kuvuka kizingiti. Sasa hiyo ni hesabu gani?

Jibu la kwanza nililolipata ni lile ambalo kila mtu wa hapa angelipata: dawa ni za uongo. Nikamwendea mwenye famasi, mama mpole wa rika la mtoto wangu wa kwanza, nikavimwaga vidonge mezani kwake mbele ya wateja.

"Tenga zenye iko dawa na zenye iko chaki," nikamwambia. "Minye chaki niliishaachana nayo."

"Mwalimu, zote zimetoka mu chupa moja," alisema, akaviokota kimoja kimoja. Aibu ya siku ile ninayo bado.

Muuguzi wa kituo cha afya naye akazidi kunichanganya. "Dawa haina shida, Mwalimu. Siku yenye uko na mawazo mingi, ao umetumika kazi ya nguvu, mwili inaomba zaidi. Dawa iko ileile, lakini weye hauko uleule."

"Basi niongeze?"

"Hapana! Usiongeze kwa kichwa yako. Punguza mawazo."

Punguza mawazo! Kana kwamba mawazo ni chumvi. Nilirudi nyumbani nimekasirika, wala sikujua namkasirikia nani.

Ikafika siku ya wakwe. Binti yangu wa mwisho alikuwa ameposwa na kijana wa Lubarika, na wazee wa kijana walikuwa wanakuja kwetu, mtaa wa Mulongwe, kwa mara ya kwanza. Kwetu kinywaji hakitolewi hivihivi. Mwenye nyumba hupewa kikombe cha kwanza, akanywa mbele ya wageni, ndipo na wao wapewe. Anaonja ili waone hakuna sumu. Neno lenyewe halitajwi, lakini asipoonja hakuna mgeni atakayeonja, na posa itaishia hapo. Mwenye nyumba ni mimi. Tena nilikuwa nimekataza watu wote wa nyumbani wasiutaje ugonjwa wangu, nikiogopa wakwe watasema uko katika damu ya binti.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilipiga milimani, na asubuhi mto ukawa umetuachia tope uani na njiani mpaka barabarani. Nilichukua beleshi. Mke wangu akatoka mbio.

"Baba watoto, acha! Vijana ya jirani batatoa."

"Bakwe bakanyage tope kwangu? Minye sijakufa."

Nilitoa tope hadi saa sita. Shati lililowa jasho, na kila nilipoinua beleshi nilikiona kile kikombe. Je, mkono ukitetemeka? Je, nikimwaga? Saa saba kamili nilimeza kidonge, nikavaa koti, nikakaa kusubiri mwili ufunguke. Haukufunguka. Saa nane wageni wakaingia, nami bado nasubiri.

Salamu zilipokwisha, mke wangu alileta kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Binti alipiga magoti, akamimina, akanipa. Nikasimama. Mkono wa kulia ukaanza vituko vyake, nikaubana kwa wa kushoto. Nilikiinua kikombe mpaka kifuani, kikasimama hapo. Hata kutetemeka kuliisha. Nilijiambia, kunywa, mzee, kunywa, lakini amri haikufika mkononi.

Mama mmoja wa upande wao alimvuta mwenzake kitenge, na nikaelewa wanachokiona: baba wa binti ameishika pombe yake mwenyewe na anaogopa kuinywa. Nilitishika sana, na kadiri nilivyotishika ndivyo mwili ulivyozidi kukaza. Nilitaka kusema ni ugonjwa tu, jamani, lakini ulimi nao ulikuwa mzito. Mke wangu aliniangalia akisubiri ruhusa ya kusema, nami sikuweza hata kutikisa kichwa. Binti yangu aliinamisha uso na machozi yakaanza kumtoka.

Ndipo baba wa kijana, mkulima wa mpunga mwenye mikono mipana, akainuka. Alikuja akasimama mbele yangu. Hakutazama kikombe, alitazama vidole vyangu, ambavyo sikuvisugua vizuri: kila kucha ilikuwa na tope.

"Nani alisafisha ile njia yenye tulipitia?" akauliza.

"Ni yeye," mke wangu akajibu. "Tangu asubuhi. Na iko mugonjwa."

Mzee akakitoa kikombe mikononi mwangu taratibu. "Muntu hawezi kututolea tope asubuhi yote, kisha atupatie sumu," akasema. Neno lenyewe, mbele ya watu wote! Akanywa yeye kwanza, akanywa mpaka chini, akamrudishia binti kikombe ajazie wengine.

Watu wakacheka, kibuyu kikaanza kuzunguka. Nikakalishwa kwenye kiti. Sijui ilipita dakika ngapi, lakini mabega yalilegea, kisha kiwiko, kisha vidole. Kilikuwa kidonge cha saa saba kilichochelewa, au ni hofu iliyoondoka? Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi na kila mara napata jibu jingine. Nilichojua wakati ule ni kwamba mkono ulikuwa wangu tena. Nikaomba kikombe. Wageni walikuwa wameshaanza kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Nikanywa bila kumwaga hata tone, na hakuna aliyeniona isipokuwa binti yangu.